Hifadhidata inakufa siku ya mnada: kutafuta chanzo memori inapokwisha kwenye seva ya Linux

Msimu wa korosho unapofunguliwa Oktoba, seva za mapokezi ambazo zilikuwa na kazi nyepesi zinabebeshwa mzigo wa mwaka mzima kwa wiki chache. Makarani wa Newala, Tandahimba na Masasi wanaingiza uzito wa magunia kwa wakati mmoja, huku maghalani stakabadhi zikichapishwa mfululizo. Ghafla, saa nne asubuhi, skrini zote zinaandika kwamba hifadhidata haipatikani. Fundi anawasha upya, kazi inakwenda dakika arobaini, inakatika tena. Neno linalofuata ni "RAM haitoshi, agiza Kariakoo", na kadi inasubiriwa kwa basi wakati wakulima wako kwenye foleni ya mizani.

Kadi hiyo mara nyingi haitibu kitu. Mchakato uliouawa si lazima ndio uliokula memori, na ripoti inayoonyesha mla memori halisi tayari imo ndani ya seva. Kinachotakiwa ni kuisoma kabla ya kugusa kingine chochote.

Kerneli inavyoahidi kuliko ilicho nacho

Programu inapoomba memori, kerneli ya Linux, kiini cha mfumo kinachogawa memori, huipa ahadi tu. Kurasa zenyewe, za kilobaiti 4 kila moja, hutolewa pale programu inapoanza kuziandika. Ni kama ghala linalotoa stakabadhi kabla magunia hayajashushwa: wengi hawaleti yote waliyoandikisha, kwa hiyo kwa kawaida nafasi inatosha. Siku wenye stakabadhi wote wanapofika na magari yao, ghala linajaa.

Hapo kerneli huanza kwa upole. Memori huru ikishuka chini ya alama ya kwanza, `kswapd`, mfanyakazi wa kerneli, huamka kusafisha kache (nakala za faili zilizowekwa kwenye RAM) na kusukuma kurasa kwenda swapu (sehemu ya diski inayotumika kama memori ya akiba). Ikishuka zaidi, programu inayoomba hulazimika kusubiri kerneli itafute kurasa papo hapo. Ikijaribu mara kadhaa bila kupata chochote, ndipo oom-killer, muuaji wa wakati wa kuishiwa memori (out of memory), huitwa na kuchagua mchakato wa kuua. Kwa hesabu yake, mchakato unaostahili kufa ni ule unaochukua memori nyingi zaidi: kurasa ulizonazo kwenye RAM, jumlisha zilizoko kwenye swapu, jumlisha majedwali ya kurasa. Kosa ni la nani, haiulizi. Kwenye seva ya ofisi, mwenye memori nyingi karibu daima ni hifadhidata.

Kwanza, hakikisha ni memori kweli

```
journalctl -k | grep -iE 'out of memory|oom-kill|invoked'
journalctl -k -b -1 | grep -iE 'out of memory|oom-kill|invoked'
```

Amri ya kwanza inasoma tangu mashine ilipowashwa, ya pili inasoma kipindi cha kabla ya hapo. Kama ya pili inadai hakuna kipindi kilichotangulia, logi zako zinakaa kwenye RAM na zinapotea kila unapowasha upya. Tengeneza folda `/var/log/journal`, anzisha upya `systemd-journald`, na tukio lijalo litahifadhiwa.

Ukikuta logi imekatika katikati bila mstari wa kuzima na bila neno lolote la oom, acha memori, kaangalie UPS na soketi. Umeme ukikatika na betri imechoka, dalili ni ileile kwa karani aliye Tandahimba: mfumo umepotea. Dalili nyingine ya kuaminika ni namba ya kufunga (exit code) 137 kwenye hati (script) au kontena (programu iliyofungiwa ndani ya mipaka yake) iliyokufa. Hiyo ni 128 jumlisha 9, na 9 ni ishara ya kuua bila onyo. Peke yake haithibitishi, kwa sababu hata mtu anaweza kuituma, lakini ikienda sambamba na mstari wa kerneli wa dakika hiyohiyo, umepata.

Kusoma ripoti yenyewe

Huu ni mfano wa mashine ya GB 4 inayoendesha hifadhidata ya MariaDB na PHP, lugha iliyoandikiwa kurasa za mfumo. Mistari ya katikati imepunguzwa:

```
php-fpm8.2 invoked oom-killer: gfp_mask=0x140cca ... order=0, oom_score_adj=0
...
[  pid  ]  uid  tgid total_vm    rss pgtables_bytes swapents oom_score_adj name
[    812]  106   812   612480 391020        3584000        0             0 mariadbd
[   1934]   33  1934    71210  11380         466944        0             0 php-fpm8.2
[   1935]   33  1935    71198  11402         466944        0             0 php-fpm8.2
...
oom-kill:constraint=CONSTRAINT_NONE,...,global_oom,...,task=mariadbd,pid=812,uid=106
Out of memory: Killed process 812 (mariadbd) total-vm:2449920kB, anon-rss:1561236kB, file-rss:2844kB, ...
```

Mstari wa juu unamtaja aliyeomba memori wakati kisima kimekauka. Huyo alifika mwisho kwenye foleni, basi. Usimhukumu kwa hilo.

Jedwali ndilo lenye ushahidi, na ndipo mafundi wengi wanapopotea. Safu za `total_vm` na `rss` zimeandikwa kwa kurasa, siyo kwa kilobaiti. Zidisha kwa 4. MariaDB ina kurasa 391,020, yaani kB 1,564,080, kama GB 1.5. Mchakato mmoja wa PHP una 11,380, yaani MB 44 na ushee. Anayesoma haraka anaona laki tatu na tisini dhidi ya elfu kumi na moja na kuilaumu hifadhidata. Hesabu mistari ya `php-fpm8.2`. Ikiwa ni 50, PHP imebeba zaidi ya GB 2.1, kuzidi hifadhidata kwa mbali, na aliyeuawa ni yule mkubwa mmoja aliyekuwa akifanya kazi yake kwa utulivu. `total_vm` iache kabisa. Ni ile ahadi, siyo magunia.

Tahadhari moja: `rss` huhesabu kurasa zinazoshirikiwa mara nyingi, mara moja kwa kila mchakato. Jumla ya PHP kwa njia hii inazidi ukweli kidogo. Ukitaka namba safi mashine ikiwa hai, soma mstari wa `Pss` ndani ya `/proc/PID/smaps_rollup`, ukiweka namba ya mchakato mahali pa PID.

Angalia pia safu ya `swapents`. Ikiwa ni sifuri kwa wote, kama hapa, karibu hakika mashine haina swapu. Mwisho, neno baada ya `constraint=` ndilo linalogawa njia. `CONSTRAINT_NONE` ni mashine nzima iliyoishiwa. `CONSTRAINT_MEMCG` ni kikundi kimoja cha michakato (cgroup, kama kontena au huduma moja) kilichogonga dari lake, huku mashine ikiwa bado na nafasi.

Mashine nzima imeishiwa: hifadhidata inakufa mzigo ukipanda

Hili ndilo tatizo la msimu, na linastahili muda wako mwingi. Chanzo cha kawaida ni idadi ya michakato ya PHP iliyoruhusiwa bila kupigiwa hesabu. Mwezi wa Julai watu watano wanatumia mfumo, michakato mitano inaamka. Siku ya mnada wanaingia sitini, na `pm.max_children` imeandikwa 50 kwa sababu fulani ambayo hakuna anayeikumbuka.

Piga hesabu hivi. Mashine ya GB 4 inakuachia kama MB 3,900. Toa MB 500 za mfumo wenyewe, ssh, logi na chelezo (backup). Toa MB 1,536 za hifadhidata. Zinabaki MB 1,864. Gawanya kwa MB 45 za mchakato mmoja wa PHP, unapata 41. Acha robo kwa ajili ya ripoti nzito ya mwisho wa siku, andika 30:

```
pm.max_children = 30
pm.max_requests = 500
```

Mstari wa pili unamfanya kila mfanyakazi wa PHP afe na kuzaliwa upya baada ya maombi 500, ili kinachovuja polepole kisirundikane hadi jioni. Karani wa 31 atasubiri sekunde moja au mbili zaidi. Hiyo ni bora kuliko wote sitini kupoteza uzito waliokuwa wanauingiza.

Kwa hifadhidata, `innodb_buffer_pool_size`, yaani kache yake ya data, isiwekwe asilimia 70 au 80 ya RAM kama wanavyoshauri wengi. Ushauri huo ni wa mashine isiyo na kazi nyingine. Panapokaa PHP pia, GB 1 kwenye mashine ya GB 4 inatosha, na kumbuka hifadhidata huchukua juu ya kiwango hicho kwa kila muunganisho.

Kisha weka swapu. Wapo wanaoizima kwa hoja kwamba inapunguza kasi, lakini bila swapu kerneli haina pa kuweka kurasa ambazo hazijaguswa tangu asubuhi, na inabaki na kuua tu:

```
dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw 0 0' >> /etc/fstab
```

Baada ya hapo ndipo unaweza kuielekeza kerneli nani aguswe mwisho. Endesha `systemctl edit mariadb` na uandike:

```
[Service]
OOMScoreAdjust=-600
```

Kipimo kinaanzia -1000 hadi 1000, na kila alama moja ni sehemu moja ya elfu ya RAM na swapu kwa jumla. Kwenye GB 4 na swapu ya GB 2, -600 inaipunguzia hifadhidata GB 3.6 kwenye hesabu ya kuchagua wa kuuawa. Anzisha upya huduma, kisha hakikisha kwa `cat /proc/$(pidof mariadbd)/oom_score_adj`. Usiandike -1000. Mchakato wenye -1000 hauguswi kamwe, na siku utakapokuwa wenyewe ndio unaovuja, kerneli itaua kila kitu kingine hadi ifikie `System is deadlocked on memory` na kusimama. Seva ya ssh yenyewe hujiwekea -1000, kwa hiyo mlango wako wa kuingilia umelindwa tayari.

PHP nayo iwekewe dari lake. Kwenye `systemctl edit php8.2-fpm` andika `MemoryHigh=1600M` na `MemoryMax=1800M` chini ya `[Service]`. Likitokea la kutokea, litatokea ndani ya PHP, na hifadhidata itabaki imesimama.

RAM imebaki tele, lakini kontena linakufa

`free -h` inaonyesha GB 5 zinazopatikana, na bado kontena linaanguka na 137. Ripoti itasema `Memory cgroup out of memory`. Kwa Docker, `docker inspect` inaonyesha `OOMKilled` ikiwa `true`. Kwa huduma ya systemd, soma faili la `memory.events` ndani ya folda ya huduma chini ya `/sys/fs/cgroup/system.slice/`: namba ya `oom_kill` ikiongezeka, dari limegongwa.

Kabla ya kuliinua, tazama `memory.stat` ya kikundi hichohicho. `anon` ikiwa kubwa, programu ndiyo inayokula. `shmem` ikiwa kubwa, kuna faili zimeandikwa kwenye diski ya RAM ndani ya kontena, na hizo huhesabiwa kwenye dari lilelile. Kwa programu za Java, kosa ni lile moja siku zote: `-Xmx`, kikomo cha memori ya data ya programu, imewekwa sawasawa na dari la kontena. Java inahitaji nafasi nje ya hapo kwa nyuzi (threads) na msimbo wake. Weka `-Xmx` karibu asilimia 70 ya dari.

Mashine imeganda lakini hakuna aliyeuawa

Taa ya diski haizimiki, ssh inaitikia baada ya dakika tatu, na kwenye logi hakuna mstari wa oom hata mmoja. Hii ni mbaya kuliko kuuawa. Kerneli inaendelea kupata kurasa chache kwa kutupa msimbo wa programu zenyewe kutoka kwenye kache, kisha inausoma tena kutoka diskini sekunde hiyohiyo. Kwa kuwa kila raundi inapata kitu, haioni sababu ya kuua. Kwenye diski ya kuzunguka inaweza kukaa hivyo nusu saa.

Thibitisha kwa `vmstat 1`: safu ya `bi` (usomaji wa diski), na kama kuna swapu pia `si` na `so` (kurasa zinazoingia na kutoka swapu), zinakimbia bila kupumzika. Au soma kipimo cha msongo, kilichopo tangu kerneli 4.20:

```
cat /proc/pressure/memory
```

Mstari wa `full`, namba ya `avg10`, unaeleza asilimia ya muda ambao kazi zote zilisimama zikisubiri memori katika sekunde 10 zilizopita. Ikikaa juu ya 20 kwa dakika kadhaa, watumiaji wameshaanza kukupigia simu.

Ukiwa na ssh iliyo hai, `echo f > /proc/sysrq-trigger` ukiwa root inaita oom-killer kwa nguvu mara moja. Kwenye kibodi ni Alt+SysRq+F, lakini Debian na Ubuntu huja na herufi hiyo imefungwa. Debian huweka `kernel.sysrq` kuwa 438. Ongeza 64, andika 502 kwenye `/etc/sysctl.d/`, nayo itafunguka. Fanya hivyo kabla ya msimu, maana mashine ikishaganda hutaweza.

Tiba ya kudumu ni `earlyoom`. Kwa mipangilio yake ya asili, memori inayopatikana na swapu huru zikishuka zote chini ya asilimia 10, inamwomba mchakato mkubwa ufunge. Zikifika 5, inaua. Iambie iiache hifadhidata kwa `--avoid '^mariadbd$'`.

Michakato yote ni midogo, lakini memori haipo

Jumlisha `rss` za jedwali lote; ukipata GB 1 kwenye mashine ya GB 4 iliyoishiwa, mla memori hayumo kwenye jedwali. Kerneli itaua mmoja, wa pili, wa tatu, na hakuna kitakachobadilika. Fungua `/proc/meminfo` na uangalie sehemu tatu.

`Shmem` kubwa mara nyingi ina maana ya faili kwenye tmpfs, yaani diski iliyo ndani ya RAM. Endesha `df -h -t tmpfs`. Mara nyingi ni hati ya chelezo inayomwaga hifadhidata nzima kwenye `/dev/shm` au `/tmp`. Hili limewapata wengi waliopandisha kutoka Debian 12 kwenda Debian 13 mwaka 2025, kwa sababu toleo hilo jipya huweka `/tmp` kwenye RAM, hadi nusu yake. Hati ileile iliyokuwa salama jana, leo inakula GB 2. Kuua mchakato hakusaidii, faili linabaki. Lifute, na elekeza chelezo kwenye `/var/tmp`.

`HugePages_Total` ikiwa 1024 na kurasa ni za MB 2, GB 2 zimefungiwa pembeni na hakuna programu ya kawaida inayoweza kuzigusa. Mtu alinakili mipangilio ya mashine kubwa. Weka `vm.nr_hugepages` kuwa 0.

`SUnreclaim` inayopanda siku hadi siku bila kushuka ni kerneli yenyewe au dereva linalovuja. Tumia `slabtop -o -s c` kuona jina. `dentry` kubwa isikutishe, hiyo hurudishwa. `kmalloc` inayokua kila saa ndiyo ya kuogopa. Anza kwa kusasisha kerneli, kisha ondoa madereva yaliyoongezwa kwa mkono, moja baada ya jingine.

"Cannot allocate memory" wakati free inaonyesha nusu iko wazi

Angalia `cat /proc/sys/vm/overcommit_memory`. Ikiwa ni 2, kerneli imekatazwa kuahidi zaidi ya `CommitLimit`, ambayo kwa kawaida ni swapu jumlisha nusu ya RAM. Mashine ya GB 4 isiyo na swapu itakataa ahadi zikifika GB 2. Linganisha `CommitLimit` na `Committed_AS` (ahadi zilizokwisha kutolewa) kwenye `/proc/meminfo`. Zikikaribiana, umepata jibu. Hali ya 2 inafaa kwa seva ya PostgreSQL peke yake, ikiwa na swapu. Kwa mashine ya kazi mchanganyiko rudisha 0.

Mstari wa `page allocation failure: order:4` nao si kuishiwa. Dereva limetaka kilobaiti 64 zilizoungana, na memori iliyopo imekatikakatika. Maombi ya ukubwa huo hayamwiti oom-killer kabisa. Pandisha `vm.min_free_kbytes` hadi 65536, na ikijirudia tazama kadi ya mtandao.

Kuna amri moja inayosambazwa sana ambayo haina kazi hapa: `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`. Kerneli ilishaitupa kache yote iliyoweza kabla ya kuua. Ukiitumia unaongeza mzigo wa diski tu.

Kujaribu kabla ya Oktoba

Septemba, jioni, mfumo ukiwa hauna watu, endesha:

```
systemd-run --scope -p MemoryMax=200M -p MemorySwapMax=0 tail /dev/zero
```

`tail` itajaza memori bila kikomo hadi igonge MB 200 na kuuawa, bila kugusa kingine. Fungua `journalctl -k` na uutafute mstari wake: unatakiwa kuona `CONSTRAINT_MEMCG`, jina `tail`, na jedwali lenye mstari mmoja. Kisha tuma maombi 60 ya pamoja kwenye ukurasa wa mapokezi kwa `ab -n 3000 -c 60`, huku dirisha la pili likionyesha `/proc/pressure/memory`. Ikiwa `avg10` ya `full` inabaki karibu na sifuri na `mariadbd` ina PID ileile iliyoanza nayo, seva iko tayari kupokea magunia.